Chupa Kumi na Mbili za Mbaha

Marahaba, wajukuu zangu. Salamu yenu sijaisikia, lakini najua mmeitoa, maana mtoto aliyefika chuo cha maabara akampita bibi kizee bila kumwamkia, huyo kwao hakulelewa.

Mimi ni Filomena. Nimeosha vyombo vya chuo chenu miaka ishirini na saba. Elimu yangu ni darasa la nne la misheni, pale walipoona nafaa zaidi kubeba maji. Kwa hiyo msitarajie maneno ya vitabuni. Majina ya bakteria nayajua kwa kuyasikia tu, kama mtu anavyojua watoto wa jirani: huyu mpole, yule mwizi, na yule akiingia nyumbani lazima mtu azikwe.

Kazi yangu ilikuwa kuosha vioo, kupika chakula cha bakteria na kumtoa damu kondoo. Watu wa hapa Mbinga wakiniuliza nafanya nini kule chuoni nilikuwa nawajibu kwamba napikia wadudu. Wakasogea pembeni kidogo. Shemeji yangu mmoja alikataa ugali wangu mwaka mzima. Akifika nyumbani anasema ameshiba. Ameshiba nini, na kwake mahindi yamekwisha tangu Krismasi?

Chakula chenyewe ni unga wa mwani, agari, unaochemshwa pamoja na supu ya nyama. Ninyi leo mnaletewa ukiwa tayari koponi. Sisi tulikuwa tunachemsha mifupa. Lakini unga ni uleule na unadanganya vilevile, kwa hiyo sikilizeni. Agari haipendi mtu mwenye haraka. Ukiimimina ikiwa moto, mfuniko wa sahani unatoa jasho, jasho linadondoka, bakteria wanaogelea kutoka kundi hili hadi lile, na kesho yake utahesabu makundi ambayo hayapo. Weka chupa shavuni. Shavu likivumilia, mimina. Shavu likikataa, ngoja. Hicho kipimo hakihitaji umeme.

Na msiionje. Kuna mwanafunzi aliyeikuta sufuria yangu imeganda akadhani ni jeli ya sikukuu, akala nusu. Leo ni mkubwa huko mkoani, simtaji. Alikaa chooni siku mbili. Kwenye mtihani aliijua agari kuliko wenzake wote.

Kondoo wetu tulimwita Profesa, kwa sababu alisimama tu uani anatafuna na kila mwaka wanafunzi walihitimu kwa damu yake. Nilikuwa namkamua shingoni, naiweka damu kwenye chupa yenye shanga za kioo, natikisa taratibu isigande, kisha naichanganya kwenye chakula cha bakteria. Yeye ananitazama kama mtu anayedai mshahara. Ilipokuja miaka ya kubana matumizi, Profesa aliliwa kwenye sherehe ya kumuaga mhasibu. Mimi sikula. Nilikuwa najua ladha ya kazi yake.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Kaspari, mwoshaji wa kwanza wa maabara ile, mtu mfupi mwenye vidole vilivyopauka kama mihogo iliyovundikwa. Siku yangu ya kwanza alinipa chupa moja akaniambia nioshe. Nikaosha, ikang'aa, nikamrudishia kwa majivuno. Akagusisha ncha ya ulimi mdomoni mwa chupa, akatema.

"Bado."

"Mzee, hiyo inang'aa kuliko jicho la mtoto."

"Inang'aa, ndiyo. Ina sabuni. Filomena, wewe si mfua nguo. Mfua nguo anaondoa uchafu akaenda zake. Wewe unaondoa uchafu, halafu unamwondoa na huyo aliyeuondoa. Suuza mara saba. Ya nane weka ulimi. Ulimi ukikuambia kitu chochote, rudi mwanzo."

Nikamuuliza kwa nini tunahangaika hivyo, maana nilidhani kazi ya maabara ni kuua wadudu. Akacheka mpaka akakohoa. "Wa kuua wako hospitali. Hapa kwetu mdudu ni mgeni. Tunamkaribisha, tunamlisha, tunamtazama sura tumjue ni wa ukoo gani. Ukimuua mlangoni utatangaza nyumba haina mgeni, kumbe umelala juu ya maiti yake."

Niliyasikia maneno hayo mara nyingi sana. Nawaandikia ili mjue kwamba sikukosa mwalimu.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha na kalamu.

Mjukuu wangu Oresta anasoma chuoni kwenu, mikrobiolojia, mwaka wa pili. Mnamjua, yule mrefu mwenye kucheka kwa sauti. Najivuna naye na sioni haya kusema. Kanisani nilikaa benchi la mbele wiki alipochaguliwa, na si kawaida yangu. Likizo iliyopita alikuja nyumbani, tukakaa tunapukuchua mahindi, akawa ananisimulia mambo ya darasani.

"Bibi, kuna daftari la zamani kabatini, Mwalimu anatuonyesha kila mwaka. Kuna mwanafunzi alipima maji ya vijiji vya ziwani, chupa kumi na mbili, zote sifuri, hakuna hata mdudu mmoja! Mpaka maji ya ufukweni wanapoogelea bata, sifuri. Mwalimu anasema huo ndio mfano wa mwanafunzi aliyekaa chini akajiandikia matokeo. Mtu akidanganya darasani tunamwita Edita Sifuri."

Akacheka kile kicheko chake. Mimi nikaacha kupukuchua.

"Na huyo Edita," nikamuuliza, "mnajua alikuwa nani?"

"Mwongo tu wa zamani, bibi."

Hapakuwa na mwongo wa jina hilo. Mwongo alikuwa amekaa mbele yake na gunzi mkononi.

Edita alikuwa binti wa Mbaha, kule Ziwa Nyasa. Wa kwanza wa kitongoji chao kuvuka kidato cha nne. Alifika chuoni na sanduku la mbao na mkungu mdogo wa ndizi, akaniomba sehemu ya kulaza ndizi zake kwa sababu bwenini zingeibiwa. Tangu siku hiyo akawa kama wangu. Mama yake, ambaye sikuwahi kumwona kwa macho, alikuwa ananiletea usipa mkavu, dagaa wa kwao, kwa kila gari lililopanda kutoka ziwani. Mfuko umefungwa kwa kamba ya mgomba, na ujumbe uleule: "Mpe Mama Filo, anitunzie mtoto." Usipa wa mama yule nimeukula miaka miwili. Kumbukeni hilo, maana mimi silisahau.

Edita alikuwa na mikono. Mwalimu Hyera, aliyefundisha mikrobiolojia wakati huo, mtu mkavu asiyesifu kitu, aliwahi kusimama nyuma yake akamtazama anachora bakteria kwenye sahani kwa kitanzi cha waya, mstari, geuza, mstari, kama mwanamke anayesuka ukili. Akasema, "Huyu atafika." Basi. Kwa Hyera hiyo ilikuwa ngoma nzima na vigelegele.

Miaka ile ndiyo soko lilikuwa limefunguliwa. Ninyi hamkuiona nchi kabla ya hapo. Sisi tulikuwa tumeosha vioo kwa maji ya majivu kwa sababu sabuni haikuwepo dukani, na dukani kwenyewe kulikuwa na mwuza duka na kivuli chake. Halafu ghafla, ruksa. Kahawa ikawa inanunuliwa na watu wa malori tusiowajua hata kwa jina, wamekaa juu ya magunia na mizani yao. Maduka ya Mbinga yakajaa mpaka barazani: mitumba, redio, sabuni za kunukia, dawa za kung'arisha nguo ndani ya chupa za plastiki zenye picha ya shati jeupe. Kila kitu kilikuwepo. Sisi ndio tukawa hatuhitajiki.

Chuo kilipata barua kwamba wafanyakazi wapungue. Wa kwanza kuondoka alikuwa Mzee Kaspari. Walimwita asubuhi, kufika mchana alikuwa anashuka mlima na mwavuli wake na ndoo yake ya kusuuzia, ile ya bati, ambayo hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Aliniambia neno moja tu, "Mara saba," akaenda. Ikasemekana orodha ya pili inakuja, na mkuu wa chuo atapita kukagua nani ana faida. Nilikuwa mjane. Nilikuwa na watoto wanne na ngolo za mahindi, mashamba yetu ya mashimo mlimani, ambayo mvua ikikosea yanatoa vigunzi vitupu. Nikaanza kuosha kama mtu anayekimbizwa.

Kipindi hicho habari zikapanda kutoka ziwani kwamba Mbaha watu wanaharisha. Wazee wa kijiji wakapiga marufuku kisima cha pampu, watu wakawa wanapanda mlimani kuchota kwenye kijito, mwendo mrefu na akina mama wana watoto mgongoni. Edita akaomba mradi wake wa mwisho uwe huo, apime maji ya kwao: kisima cha pampu, visima vya kuchimba, kijito, ufukweni. Mwalimu Hyera akakubali. Lori la kwenda Lituhi, karibu na Mbaha, lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri.

"Mama Filo," Edita akaniambia, "nitayarishie chupa kumi na mbili, zile za mfuniko mweusi. Ziive kabisa, tafadhali. Kule nyumbani wananisubiri mimi niseme wanywe wapi."

"Umezipata, mwanangu."

Kuiva maana yake kupita kwenye sufuria ya mvuke. Na sufuria yetu ya mvuke ilikuwa imekatika mpira, tunasubiri mwingine kutoka mjini wiki ya sita. Siku kama hizo nilikuwa nachemsha chupa kwenye pipa, saa nzima na zaidi. Lakini mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, kuni mbichi, moto unatoa moshi tu kama mzee anayevuta kiko. Nikahangaika mpaka mchana. Na mkuu wa chuo alikuwa amesema atapita jioni ile.

Rafini kulikuwa na ile dawa ya kung'arisha. Mhasibu mpya aliinunua kwa ajili ya makoti ya walimu. Kwenye chupa yake imeandikwa kwa Kiswahili safi hata mimi nikasoma: inaua vijidudu vyote.

Nikafikiri nimepata akili. Kama inaua vyote, si ndiyo kuiva kwenyewe? Nikamimina kifuniko kimoja kwenye kila chupa, nikatikisa, nikamwaga, nikafunga. Sikusuuza. Nilijiambia nikisuuza kwa maji ya bomba nitawaingiza wadudu wengine. Ndivyo ujinga unavyovaa koti la akili. Nikatayarisha kumi na tatu, moja ya akiba, ikabaki kabatini. Mkuu alipopita jioni aliinua mojawapo kwenye mwanga akasema, "Mama Filomena, hizi zinaonekana mpya kutoka kiwandani." Nikalala usingizi mzuri. Nawaambia ukweli. Nililala vizuri sana.

Edita akashuka, akarudi siku ya pili yake, chupa zimefungwa kwenye sanduku lenye vipande vya mgomba mbichi kutunza ubaridi. Akapima kama alivyofundishwa. Nikamsaidia kupanga mirija kwenye rafu. Baada ya siku mbili mirija yote ilikuwa angavu, haina hata povu moja la kuonyesha mdudu yumo. Mwalimu Hyera akakunja uso, akasema, "Ajabu," lakini akatia sahihi, maana mikono ya Edita aliiamini. Ndipo lile daftari likaandikwa sifuri kumi na mbili. Na Edita, kwa furaha, akaandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji: maji ya kisima cha pampu ni mazuri, watu warudi.

Watu wakarudi. Nani asingerudi? Mtoto wao mwenyewe, msomi wao mwenyewe, kaandika.

Sitawasimulia vifo. Mnasoma magonjwa, mnajua mtu anavyokauka kwa siku moja. Nitasema tu kwamba kitongoji kile hakikuwa na mbao za kutosha, wakavunja mitumbwi miwili mibovu. Na kwamba gari lililokuwa linaniletea usipa safari hiyo lilileta barua kwa Edita, ya kumwita nyumbani kumzika mama yake.

Alikuwa hajarudi bado watu wa afya walipotoka mkoani, wakapima kisima kilekile kwa chupa zao, wakakuta kimejaa wadudu. Karatasi yao ikaletwa chuoni. Nilimsikia Mwalimu Hyera kupitia ukuta wa mbao: "Haiwezekani ufukwe uwe sifuri. Haiwezekani. Huyu hakwenda. Kajaza maji ya kuchemsha njiani."

Nikasimama pale na kitambaa mkononi. Halafu nikaenda kabatini, nikaitoa ile chupa ya kumi na tatu. Nikafungua. Nikagusisha ncha ya ulimi mdomoni mwake, kama Mzee Kaspari.

Iliuma.

Mnajua nilifanya nini, wajukuu zangu? Niliibeba mpaka kwenye sinki nikaisuuza. Mara saba. Sijawahi kusuuza chupa vizuri kama siku ile. Nikairudisha kabatini.

Edita aliporudi kutoka msibani, kichwa kimenyolewa, walimwita chumba cha walimu. Wakaniita na mimi. Mkuu wa chuo alikuwa kwenye meza na mbele yake karatasi mbili: ile ya mkoani, na nyingine iliyopigwa chapa, majina kwa safu. Niliijua ile ya pili bila kuisoma.

"Mama Filomena, kaa. Mwanafunzi anadai chupa zilikuwa na harufu."

"Harufu gani, Mkuu?"

"Ndiyo tunakuuliza wewe."

"Chupa zangu hazinuki."

Edita akanigeukia. "Mama, zilikuwa zinanuka kama nguo nyeupe za altareni. Nilipofungua ya kwanza pale kisimani nikasema moyoni, Mama Filo kaosha leo. Kumbuka, mama. Tafadhali."

Mwalimu Hyera akauliza taratibu, na nadhani alikuwa anataka nijibu ndiyo, "Uliweka dawa yoyote?"

Nikaitazama ile karatasi ya majina.

"Hapana, Mwalimu. Niliosha kama siku zote. Mara saba."

"Basi," mkuu akasema.

Edita hakulia. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Alifukuzwa wiki ile, kwa kutunga matokeo yaliyoua watu. Alibeba sanduku lake la mbao mwenyewe. Mimi nilikuwa dirishani naosha sahani. Orodha ya pili ilipotoka, jina langu halikuwemo, na mkuu akanitaja mbele ya wafanyakazi kwa usafi wa vyombo.

Nilibaki pale mpaka kustaafu. Nililisha watoto, nikasomesha, na mmoja wao akamzaa Oresta. Huyo Oresta mnayemwona anatembea na koti jeupe, koti lile limeshonwa na uongo wangu. Na kila darasa jipya lilipokuja nililisumbua kwa kusuuza mpaka wakaniita Mama Mara Saba, wakidhani ni ukali wa kazi. Ilikuwa woga.

Basi siku ile ya mahindi nilimwambia Oresta yote. Hakucheka tena. Kuku wakaanza kula mahindi karaini, hakuwafukuza.

Mwisho akasema, "Bibi, yuko hai?"

"Aliolewa Lituhi. Nasikia anauza usipa."

"Basi kesho tunashuka."

"Mguu wangu..."

"Mguu wako umekaa miaka yote hii, bibi. Umepumzika."

Amenirithi ulimi, mtoto yule. Tukashuka. Njia ile inateremka mpaka masikio yanaziba, na ziwa linajitokeza chini kama bati lililoezekwa jana. Tulimkuta kwenye vichanja, anageuza dagaa zake, mwanamke mnene kidogo, nywele zimeanza mvi, vidole vimejaa magamba.

"Shikamoo, mama," akasema kabla hajainua uso vizuri. Halafu akainua.

"Marahaba. Unanijua?"

"Mama Filo. Nani mwingine anatembea kama amebeba ndoo?"

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza kuulizia mavuno na watoto, na jioni itafika. Nikasema nimesimama, pale pale kwenye mchanga: dawa, kuni mbichi, chupa ya kumi na tatu, chumba cha walimu, karatasi ya majina. Edita hakuacha kugeuza usipa. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja, kwa sauti ya darasani:

"Kiasi gani?"

"Kifuniko kimoja kila chupa. Nikatikisa, nikamwaga, nikafunga."

"Hukusuuza."

"Sikusuuza."

Midomo yake ikachezacheza kidogo. Alikuwa anapiga hesabu. Miaka yote ile kwenye vichanja na bado alikuwa nayo kichwani.

"Ingetosha kuwaua wote," akasema. "Ingetosha na kubaki." Ndipo akakaa chini, kwenye mchanga, na mikono yake ya magamba mapajani. "Kwa hiyo ilinuka."

"Ilinuka, mwanangu."

"Wewe hujui. Mwanzoni nilikuwa nawaambia watu, ilinuka. Kule Mbaha nani anaelewa? Walikuwa wananitazama, na makaburi yako pale. Baadaye nikawa nasema, labda ilinuka. Mwisho nikajiambia mwenyewe, Edita, hukunusa kitu chochote, ulikuwa unatafuta pa kujificha. Nikaizoea hiyo. Nimezeeka nayo. Leo unakuja kunirudishia pua yangu, na mama hayupo."

Nikasema, "Nisamehe."

"Hiyo sina." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mwuza duka wa miaka ile ya shida. Akamtazama Oresta kwa muda, akaona koti la chuo limekunjwa mkononi. "Unasoma nini?"

"Mikrobiolojia, mama."

"Daftari langu bado lipo?"

Oresta akainamisha kichwa. "Lipo. Tunaonyeshwa."

Edita akaelewa linavyoonyeshwa. Akanigeukia. "Nenda kaandike chini ya sifuri zangu. Kwa mkono wako, si wa huyu mtoto. Halafu waandikie hao wanaocheka, kwa maneno yako, wasome. Ukimaliza, njoo uniambie. Kabla ya hapo usije."

Hakutufungia usipa wa njiani. Na asingekuwa Mnyasa kama asingejua maana ya kumwacha mgeni apande mlima mikono mitupu.

Kwa hiyo nilikuja chuoni kwenu Jumatatu. Baadhi yenu mliniona, mkadhani nimekuja kufuata pensheni. Mwalimu wenu alisita.

"Bibi, daftari la maabara haliandikwi na mtu wa nje."

Oresta akamjibu, na nikaogopa atafukuzwa, "Mwalimu, huyu si mtu wa nje. Kila chupa iliyomo humo ameosha yeye."

Mwalimu akanipa kalamu. Mkono wangu wa darasa la nne ni mkubwa, herufi zilitoka nje ya mstari, na karatasi ile imekuwa njano kiasi kwamba wino ulitambaa. Kwenu ninyi yapo maneno matatu tu ya kuwausia yanayotoka kwenye kazi hii, na si ya busara, ni ya uoshaji. Kwenye lebo ya kila chupa liandikwe na jina la aliyeiosha. Dawa ikigusa chombo cha kupokelea sampuli, chombo hicho si safi, kinasema uongo. Na sahani zako zote zikija tupu, hata za ufukweni wanapoogelea bata, usimwulize kwanza mwanafunzi. Lamba chupa.

Wiki ijayo nashuka Lituhi kumwambia Edita kwamba nimeandika. Sijui atanipokeaje. Sijui kama kisima kile bado kina pampu. Ninyi mkifika kabatini mfungue ukurasa ule, na jina lile la Edita Sifuri nisilisikie tena likitoka kinywani mwa mtu aliyewahi kutumia sahani zangu. Chini ya sifuri kumi na mbili mtakuta hivi:

Chupa hizi zilikuwa na dawa. Niliweka mimi. Nikaulizwa nikakataa. Msichana alikwenda visimani. Filomena, mwoshaji.